Mtu Akifia Nyumbani: Mambo ya Kufanya kwa Marehemu na kwa Wale Waliobaki



Siku ya kupima kilo tunazoea kufundisha juu ya uji, juu ya chanjo, juu ya mustikeri na mimba. Leo tunafundisha juu ya kufa. Wengine watasema: «Mambo hii si ya kliniki.» Lakini ninyi mnajua sawa sisi: huku kwetu, tangu Kasongo mpaka Kabambare, watu wengi hawafi hospitalini. Wanafia nyumbani juu ya mkeka, mbali na kituo cha afya, wakati wa mvua ambapo hata kinga haipiti njiani. Na nyumba ikipata kilio, mama ndiye anayefunga macho ya marehemu. Mama ndiye anachota maji, mama ndiye anapika, na mtoto mchanga yuko mgongoni mwake siku ile yote.

Kwa hiyo somo hili ni lako. Neno lake kubwa ni moja: wakati unapomlilia marehemu, uliza alikufa kwa ugonjwa gani, halafu tazama watoto waliobaki. Marehemu hana haraka tena. Haraka ni ya wale ambao wangali wanapumua.

KWANZA UJUE KWAMBA AMEKUFA KWELI

Hii si maneno ya bure. Malaria kali inaweza kumzimisha mtoto hata asisikie sauti, asifungue macho, mikono na miguu iwe baridi kama maji ya mtoni. Degedege ikiisha, mtoto analala kama mfu. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari vilevile, na mtu aliyepoteza maji mengi kwa kuhara. Wanawake wanaanza kupiga kelele, nyumba inajaa watu, na hakuna tena mwenye kumtazama mgonjwa.

Fanya hivi. Omba watu wanyamaze kidogo. Fungua nguo kifuani, tazama kama kifua au tumbo linapanda na kushuka. Weka sikio juu ya kifua upande wa kushoto, usikilize muda mrefu, si mara moja tu. Inua kope la jicho, mulika na tochi: kwa mtu aliye hai mboni inakuwa ndogo, kwa mfu haibadiliki. Baada ya muda wa saa mbili tatu taya na shingo zinaanza kukauka, kisha mikono na miguu. Ukiona hayo yote, hakuna shaka. Lakini kama kifua kinatikisika hata kidogo, huyu si maiti. Huyu ni mgonjwa wa hospitali, na machela itafutwe upesi.

(Kama marehemu alikuwa anatoka damu, au alikuwa na vipele vya usaha mwilini, usiweke sikio kwenye mwili wake. Mtazame tu kwa tochi, ukisimama mbali kidogo. Sababu tutaieleza chini.)

Na mtoto anayezaliwa bila kulia, asitupwe pembeni. Umpanguse vizuri na kitambaa kikavu, umsugue mgongo, umfunike na joto. Wengi wanalia baadaye. Ndiyo maana tunasema kila siku: zaeni mbele ya mzalishaji aliyefundishwa.

JE, MAITI INALETA UGONJWA?

Wa mama wengi wanaamini kwamba harufu ya maiti inaua, au kwamba upepo wake unaingia mtoto tumboni. Hapana. Mtu aliyekufa kwa uzee, kwa moyo, kwa malaria, kwa kukosa damu, kwa nyoka au kwa kuanguka kwenye mchikichi, mwili wake haumpi mtu ugonjwa ule. Malaria inaletwa na mbu. Harufu mbaya inachukiza, lakini si sumu.

Mwaka wa 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipofika Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, wengi kwa kolera na kwa kuhara damu. Maiti zililala kandokando ya njia, na watu waliziogopa sana. Lakini kilichokuwa kinaua ni maji machafu ambayo watu walikunywa, na uchafu wa watu wengi kwenye nafasi ndogo.

Basi usiogope kumlilia mtu wako, usiogope kumwosha na kumvika. Ni heshima, na moyo unahitaji jambo hilo. Wanaoosha wavae glavu. Wakikosa glavu, wafunge mikono na mifuko ya plastiki isiyotoboka. Mwenye kidonda au mkato mkononi asioshe, wala mama mwenye mimba karibu ya kuzaa asibebe maiti nzito. Fungeni macho, fungeni taya na kipande cha kitambaa, nyosheni mikono na miguu kabla haijakauka. Kisha kila mmoja anawe na sabuni mpaka kwenye viwiko. Maji yaliyooshea yamwagwe katika shimo na kufunikwa, si mtoni mahali watu wanapochota.

Vivyo hivyo kwa mtu aliyekufa na UKIMWI. Tunasema wazi kwa sababu tunaona maiti za namna hii zikikimbiwa, zikifungwa na kuzikwa haraka kama mbwa. Virusi vya UKIMWI havipiti kwa kumgusa, wala kwa kumlilia, wala kwa kumvika nguo. Jihadhari na damu na majimaji tu, kwa glavu na sabuni. Mwosheni kama mtu.

MAGONJWA MATATU AMBAYO MAITI YAKE NI HATARI

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna magonjwa machache ambayo mwili wa marehemu bado unaambukiza, na hapo desturi yetu ya kuosha, kukumbatia na kubusu inageuka mlango wa kifo.

La kwanza ni kolera. Tangu miaka ya 1970 ugonjwa huu umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wa Kabambare mnajua njia ya kwenda upande wa ziwa inapitiwa na wafanyabiashara na wachimba dhahabu kila siku. Mtu anahara maji meupe kama maji ya mchele, mara nyingi sana, anatapika, macho yanaingia ndani, anakufa kwa siku moja au mbili. Maiti yake inaendelea kutoa maji yale, na kila tone limejaa vijidudu. Wengine wakiosha wana desturi ya kukandamiza tumbo polepole ili uchafu utoke. Kwa kifo cha kawaida haidhuru. Kwa maiti ya kolera usikandamize hata kidogo! Tuma mtu kwa infirmiye alete dawa ya klori na aonyeshe kipimo chake. Matundu ya mwili yazibwe na pamba iliyolowa klori, mwili ufungwe, uzikwe siku ileile, karibu na mahali alipokufia. Msiubebe juu ya kinga siku tatu ili afike kijiji cha babu zake. Tunajua hilo ni gumu. Lakini maji yanayodondoka njiani yanapanda kolera katika kila kijiji ambapo wabebaji wanapumzika.

Nguo zake zichemshwe, maji yatokote muda wa dakika tano au zaidi, kisha zianikwe juani. Usizifue mtoni. Choo alichotumia na sakafu alipolala vimwagiwe klori. Na aliyeosha maiti ya kolera asishike sufuria ya kilio, hata akinawa mara kumi.

La pili ni Ebola. Jina lake limetoka kwenye mto wa Ebola, upande wa Yambuku, kaskazini ya nchi yetu. Mwaka wa 1976 kulikuwa huko na wagonjwa 318, na 280 walikufa. Sindano zisizochemshwa katika hospitali ya misioni zilieneza ugonjwa, na vilevile kuwauguza wagonjwa na kuwatengeneza wafu. Mwaka wa 1995 ulifika Kikwit. Kuanzia 2018 mpaka 2020 uliua watu zaidi ya 2200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na mwaka wa 2019 uligusa hata Mwenga katika Kivu ya Kusini, majirani wetu. Mtu aliyekufa na Ebola ana virusi vingi kuliko siku yoyote ya uhai wake, kwenye ngozi, jasho, damu, mate, vyote. Ukisikia kwamba katika nyumba moja mtu alikufa na homa na kutoka damu, halafu aliyemwuguza akafa, halafu aliyemwosha akaanza kuugua, simama hapo hapo. Usiguse. Usiingie kuchukua hata kikwembe chake. Mtume mtu kwa kituo cha afya au kwa mjumbe wa afya wa kijiji (RECO).

Watakaokuja kuzika watavaa nguo za kufunika mwili wote. Watoto wataogopa, na maneno mabaya yatasemwa: «Wanakuja kuiba viungo.» Si kweli. Mnayo haki ya kuona. Mwaka wa 2014, wakati Ebola ilipokuwa Afrika ya Magharibi, Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika namna ya kuzika kwa usalama na kwa heshima, likishauriana na mashirika ya Wakristo na ya Waislamu. Maandiko yale yanataka jamaa waulizwe, mtu wa jamaa aone maziko kwa mbali, padri au shehe asali, msalaba au kibao cha jina kiwekwe. Ombeni hayo. Kama kikosi kinataka kuzika bila kusema na ninyi, waambieni kwa adabu: «Tunakubali msituache tuguse, lakini tusali kwanza.» Kwa Waislamu, ambao ni wengi hapa Kasongo, sheria yenyewe ina nafasi: maji yasipowezekana, kuna tayamamu, na tayamamu inaweza kufanywa na mwenye glavu juu ya mfuko uliofungwa. Waulizeni mashehe wenu mapema, wakati hakuna kilio, watawaeleza kuliko sisi. Na kwa Ebola ya aina ya Yambuku, leo iko chanjo kwa wale waliomgusa mgonjwa. Ndiyo sababu infirmiye anauliza majina ya waliomwosha. Si kwa kuwafunga. Usimfiche hata mmoja.

La tatu ni mpox, ambao watu wengine wanauita ndui ya nyani. Misitu ya Maniema inaujua tangu zamani. Mwaka wa 2023 aina mpya ilionekana Kamituga, katika machimbo ya dhahabu ya Kivu ya Kusini, ikaenda mbali, hata tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza hatari kwa dunia yote. Tangazo lile liliondolewa mwezi wa Septemba 2025, lakini ugonjwa haukuondoka pamoja nalo. Wachimbaji wanatembea kutoka machimbo hadi machimbo, na Salamabila na Namoya ni machimbo vilevile. Vipele na magaga ya marehemu yanaambukiza, na blanketi lake pia. Mwili usioshwe na jamaa. Mwiteni infirmiye.

Utaona hatukuandika hapa kifua kikuu wala surua. Hayo hatari yake haiko sana katika maiti, iko katika nyumba. Yanataka maneno yake peke yake.

MTOTO ALIYEKUFA ANA NDUGU ZAKE

Tuseme mtoto wa miaka miwili amekufa kwa surua. Alikuwa na homa, macho mekundu, kikohozi, vipele mwili mzima, halafu kifua kikamshinda. Amekwisha kuzikwa. Kilio kimejaa. Mama wadogo wamekuja kutoka Samba, kutoka Kipaka, kutoka Wamaza, kila mmoja na mtoto wake mgongoni. Na katika chumba kile kile kaka wa marehemu analala na homa, anakohoa. Watu wanasema: «Analia ndugu yake.» Hapana, mama. Ameanza surua. Watoto wote waliokuja kumlilia mmoja watarudi vijijini na surua kifuani, na baada ya siku kumi hivi vilio vingine vitaanza.

Jambo hili watu wa Kasongo wana haki ya kulijua kuliko wengine. Miaka ya 1970 waganga wa hapa Kasongo, pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen, Ubelgiji, waliwafuata watoto wetu ili kupima faida ya chanjo ya surua. Walitazama watoto wa miezi 7 mpaka 35, wakaona kwamba waliochanjwa walikufa wachache kuliko wenzao. Mwaka wa 1981 habari hiyo ilichapwa katika The Lancet, gazeti la waganga la Uingereza, na jina la Kasongo likasomwa ulimwenguni. Lakini karibu miaka 40 baadaye, tangu 2018 mpaka 2020, surua iliua katika Kongo watu zaidi ya 6000, wengi wao watoto wadogo. Chanjo ipo. Mtoto asiyeletwa haimsaidii.

Basi mtoto akifa kwa surua, usingoje kilio kiishe. Kabla ya siku tatu kupita tangu watoto wengine walipokutana na mgonjwa, waleteni wasiochanjwa: chanjo ikitolewa upesi hivyo inaweza bado kuwakinga. Mwenye homa aletwe apate vitamini A na dawa. Na mkubwa wa jamaa asimame mbele ya watu aseme bila haya: «Mwenye mtoto mdogo amwache nyumbani, huku kuna surua.» Hakuna aibu kusema hivyo. Wale watakaokasirika watakushukuru mwezi unaofuata.

Kifua kikuu kinakwenda polepole zaidi, ndiyo maana kinasahauliwa. Baba alikohoa mwaka mzima, akakonda, akafa. Maiti mnaweza kuiosha kwa glavu na kitambaa mdomoni, dirisha likiwa wazi. Lakini yeye alikuwa analala chumba kimoja na watoto. Kwa hiyo jamaa wote wa nyumba ile waje wapimwe, na kila mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi alete makohozi. Watoto chini ya miaka mitano wapewe dawa ya kuwakinga, hata kama hawakohoi. Dawa za kifua kikuu ni bure.

Neno dogo juu ya dawa: zile alizoacha marehemu, ziwe za kifua kikuu au za UKIMWI au nyinginezo, zirudishwe kituoni. Usimpe shemeji mwenye kikohozi «amalizie.» Mustikeri yake pia isizikwe pamoja naye. Kama hakufa na ugonjwa wa kuambukiza, ifuliwe kwa sabuni, ianikwe kivulini, walio hai walale ndani yake.

CHAKULA NA MAJI YA KILIO

Kilio chetu ni kizuri. Majirani wanaleta unga, kuni, mafuta, mama mwenye msiba hapiki peke yake. Hatutaki kiharibike. Tunataka kubadili beseni moja tu.

Beseni lile mnalijua. Linawekwa mlangoni na maji, watu ishirini wanatumbukiza mikono mmoja baada ya mwingine, wa mwisho ananawa katika uchafu wa watu kumi na tisa, halafu wote wanaingia katika sahani ya bugali na sombe. Kama mmoja ametoka kuosha maiti ya kolera, au ametoka chooni tu, wote wamekula. Wekeni kijana mmoja na jagi la maji na sabuni. Awamwagie watu maji juu ya mikono, maji machafu yaanguke chini. Kazi yenyewe ni ndogo, mtoto wa shule anaiweza.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klori. Chakula kiliwe kingali moto, na kilichobaki usiku kichemshwe tena kabla ya kuliwa. Watu wakilala nje, watoto wachanga na wenye mimba walale ndani ya mustikeri, maana usiku wa kilio mbu wanakula vizuri kuliko wageni.

Kaburi lichimbwe mbali na chemchemi na kisima, mita 50 au zaidi, tena upande wa chini, ili mvua isiteremshe maji yake kuelekea mahali mnapochota. Kina chake kiwe karibu kimo cha mtu mzima.

MAMA ALIYEFIWA NA MTOTO, NA MTOTO ALIYEFIWA NA MAMA

Mama aliyekuwa ananyonyesha akifiwa, maziwa hayajui kwamba mtoto hayuko. Siku ya pili matiti yanajaa, yanauma, na kila tone linamkumbusha. Wamama wakubwa wanayafunga kwa nguvu na kitambaa. Afadhali msifanye hivyo, kwa maana inaweza kuleta jipu. Akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, si kuyamaliza, aweke kitambaa chenye maji baridi, avae nguo ya kuyashika bila kuyabana. Maziwa yatapungua taratibu. Akipata homa na titi likiwa jekundu, aje kliniki siku hiyo hiyo. Tena ajue: alipoacha kunyonyesha, mimba inaweza kurudi upesi kuliko anavyodhani. Mwili na moyo vinataka kupumzika kwanza. Aje na mume wake, tutazungumza.

Usimwambie: «Utazaa mwingine.» Tunasikia neno hilo kila wakati, na wanaolisema wana roho nzuri, lakini linaumiza. Kaa naye. Mchotee maji.

Sasa mtoto ambaye mama yake alikufa katika uzazi. Huyu anakufa baada ya mama yake mara nyingi sana, na si kwa sababu mama anamwita, kama wengine wanavyosema. Anakufa kwa njaa na kwa kuhara. Anapewa maji ya sukari, anapewa uji mwepesi wa muhogo ambao hauna nguvu, kwa chupa isiyooshwa. Huku kwetu ng'ombe ni wachache, na maziwa ya kopo bei yake inashinda jamaa nyingi.

Kabla ya kaburi kufunikwa, jamaa wakae waulizane: nani atamnyonyesha? Mama mdogo mwenye mtoto wake anaweza kuwanyonyesha wawili, akila vizuri na kunywa maji mengi. Lakini kwanza apimwe UKIMWI, na mtoto vilevile, kwa usalama wa wote wawili. Kama hakuna mwenye maziwa, mwanamke aliyezaa zamani, hata nyanya wa mtoto kama bado ana nguvu, anaweza kujaribu: mtoto awekwe kifuani mara nane mpaka kumi na mbili kila siku, mchana na usiku, na kwa wengi maziwa yanarudi baada ya siku kadhaa au wiki chache. Wakati wa kungojea, mtoto asikae na njaa: mleteni hospitalini siku ile ile, tutamlisha kwa kikombe na kijiko na kuwafundisha. Msimlete baada ya matanga. Tunapokea watoto wa namna hii wakiwa na wiki tatu, ngozi imebaki juu ya mifupa, na mkono wetu hauwezi kila kitu.

Mjane mwenye mimba au anayenyonyesha asifungishwe chakula kwa desturi ya kilio. Ale, aoge, alale. Na kama wazee wanataka arithiwe na ndugu wa marehemu, asikubali kulazimishwa, wala wasikutane kabla wote wawili hawajapimwa.

KARATASI

Mkimaliza kuzika, mwambieni shefu wa kijiji na infirmiye: jina, umri, siku, na dalili za ugonjwa. Vifo vitatu vya namna moja katika kijiji kimoja, infirmiye akivijua mapema, dawa inaweza kufika kabla ya kifo cha kumi. Asipojua, watu watatafuta mlozi, na tunajua nani anashtakiwa kwanza: mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea.

Halafu nendeni kwenye ofisi ya eta-sivili kuandikisha kifo, bila kukawia. Jamaa wengi hawaendi, wanasema karatasi ni ya watu wa mjini. Lakini sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inawaweka watoto wa marehemu mbele katika urithi, inampa mjane sehemu, tena inampa haki ya kukaa katika nyumba alimoishi na mume wake. Shemeji akija kuchukua mabati na mashine ya kushona, akte ya kifo na akte ya ndoa zitasema kwa nguvu kuliko machozi. Ndoa isiyoandikishwa inamletea mjane shida. Mwandikishe mngali wawili.

MAULIZO YA WA MAMA

Mama mmoja aliuliza: «Naweza kumwonyesha mtoto mkubwa maiti ya baba yake?» Kama ugonjwa si ule wa hatari, ndiyo, akitaka mwenyewe. Umshike mkono, umwambie wazi kwamba baba amekufa. Usiseme «amesafiri.» Watoto wanangoja msafiri, na siku moja wanakasirika.

Mwingine: «Mtu wetu amekufa mbali, kwenye machimbo. Wanataka kumleta. Tukubali?» Uliza kwanza alikufa kwa ugonjwa gani, na umwulize infirmiye wa huko, si wabebaji tu. Kwa kuhara maji, kwa kutoka damu, kwa vipele, azikwe huko. Leteni jina lake na nguo safi, mfanye sala nyumbani.

Mwingine: «Sisi tulikwisha kumwosha kabla ya kujua. Tufanye nini?» Naweni mikono na mwili kwa sabuni na maji mengi, fueni nguo mlizovaa, andikeni majina ya wote waliomgusa, mpeleke orodha kituoni leo. Kwa kolera, hatari inaonekana ndani ya siku tano. Kwa Ebola na mpox, hesabuni siku 21 tangu mlipomgusa, mkipima homa kila siku, bila kusafiri. Mwenye homa asijifiche nyumbani kwa watoto. Aje mapema, kwa mlango wa nje, aseme: «Nilimwosha marehemu.» Tutaelewa.